Kura za Kanda ya Ziwa na mahakama mbili za Arusha

Mahakama za kikanda hazihesabu kura wala hazimtangazi mshindi. Kazi yao katika uchaguzi ni kupima sheria na mwenendo wa nchi kwa kipimo cha mikataba ambayo nchi yenyewe imeisaini: nani aruhusiwe kugombea, nani asimamie uchaguzi, nani alalamike na kwa nani. Kwa Mtanzania mahakama za namna hiyo ni mbili, na zote ziko Arusha. Moja ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoundwa kwa itifaki iliyopitishwa Ouagadougou mwaka 1998 na kuanza kutumika Januari 2004. Nyingine ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa Novemba 2001. Zinapakana kwa mji tu. Mamlaka, milango na masharti yake ni tofauti, na watu wengi huzichanganya.

Umuhimu wake hauonekani mpaka mtu aanzie chini, kwenye kituo cha kupigia kura.

Mpiga kura wa Nyamagana, Ilemela au Ukerewe hupewa karatasi tatu kwa siku moja: ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Kura zikishahesabiwa, msimamizi wa kituo hujaza fomu za matokeo, ambazo kwa chaguzi kadhaa zimejulikana kama 21A kwa urais, 21B kwa ubunge na 21C kwa udiwani. Mawakala wa vyama husaini, na nakala hubandikwa kituoni ili kila mtu asome. Kutoka Ukara au Maisome, fomu hizo huvuka maji pamoja na masanduku kabla ya kufika kwenye majumuisho ya jimbo. Zimejazwa na watu walewale, usiku uleule, pengine kwa kalamu ileile. Kisheria, hata hivyo, kila moja ina njia yake. Mwenye malalamiko juu ya udiwani huenda mahakama ya hakimu mkazi. Mwenye malalamiko juu ya ubunge hufungua shauri Mahakama Kuu, kwa mamlaka yanayotokana na Ibara ya 83 ya Katiba, na asiporidhika hukata rufani Mahakama ya Rufani. Mwenye malalamiko juu ya urais hana pa kwenda.

Njia hiyo ya ubunge haikupatikana bure, na Kanda ya Ziwa ina sehemu kubwa katika kuifungua. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2000, Julius Ndyanabo, aliyekuwa ameshindwa katika jimbo la Nkenge mkoani Kagera, alikuta sheria ikimtaka aweke mahakamani shilingi milioni 5 kabla shauri lake halijapangiwa tarehe ya kusikilizwa. Dhamana hiyo zamani ilikuwa shilingi 500. Ndyanabo alisema kwamba kwa bei hiyo haki imekuwa ya matajiri, akashindwa Mahakama Kuu, akapanda juu. Februari 2002 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ilikubaliana naye na kukifuta kifungu hicho kwa kuwa kilikiuka Katiba. Baadaye sheria ilitungwa upya ili mahakama iweze kuangalia uwezo wa mlalamikaji.

Kisha ikaja Bunda. Mwaka 2015 Ester Bulaya wa Chadema alimwangusha Stephen Wassira, waziri wa miaka mingi, katika jimbo la Bunda Mjini. Shauri halikufunguliwa na Wassira mwenyewe. Lilifunguliwa na wapiga kura wanne. Mahakama Kuu ya Mwanza ililitupa kwa hoja kwamba watu hao hawakuwa na haki ya kulalamika, lakini Mahakama ya Rufani ikasema aliyekuwa na haki ya kupiga kura jimboni ana haki pia ya kuuhoji uchaguzi wa jimbo hilo, ikalirudisha shauri lisikilizwe. Likasikilizwa, na Bulaya akabaki na kiti chake. Waliofungua shauri walishindwa, ila walichokiacha nyuma ni kikubwa kuliko kiti kimoja: mkulima wa pamba au mvuvi wa Bunda anaweza kumsimamisha mbunge mbele ya jaji bila kusubiri ruhusa ya mgombea wala chama.

Mkulima huyo hana nguvu hiyo kwa Rais. Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema kwamba mgombea akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yoyote yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Ibara ya 74(12) inaongeza ukuta wa pili kwa kuzizuia mahakama kuchunguza mambo ambayo Tume imeyatenda katika kutekeleza kazi zake. Jirani Kenya mambo ni kinyume kabisa: shauri la urais hufunguliwa ndani ya siku 7, huamuliwa ndani ya siku 14, na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani. Mashauri makubwa ya uchaguzi ya Tanzania yaliyokwama nyumbani, kwa kuta hizo au mbele ya Mahakama ya Rufani, yaliishia Arusha.

Mgombea binafsi

La kwanza na refu kuliko yote ni la Mchungaji Christopher Mtikila, kiongozi wa chama cha DP. Hoja yake ilikuwa rahisi: mtu asilazimishwe kuwa na kadi ya chama ili agombee. Oktoba 1994, Mahakama Kuu Dodoma, kwa hukumu ya Jaji Kahwa Lugakingira, ilimpa ushindi. Bunge halikusubiri. Kabla mwaka haujaisha lilibadili Katiba na kuandika wazi kwamba mgombea lazima awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho, na uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, wa mwaka 1995, ukafanyika kwa utaratibu huo. Mtikila alirudi tena mahakamani. Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu walimpa ushindi kwa mara ya pili. Serikali ikakata rufani, na Juni 2010 jopo la majaji saba wa Mahakama ya Rufani likasema suala hilo ni la kisiasa, waachiwe wabunge.

Mlango wa Arusha ulikuwa umefunguka miezi michache kabla. Machi 2010 Tanzania ilikuwa imewasilisha tamko chini ya Ibara ya 34(6) ya Itifaki, tamko linaloruhusu mtu binafsi na asasi kuishtaki nchi moja kwa moja mbele ya Mahakama ya Afrika. Mtikila alifungua shauri mwaka 2011, sambamba na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na tarehe 14 Juni 2013 ikatoka hukumu: katazo la mgombea binafsi linavunja haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi, uhuru wa kujiunga na wengine na usawa mbele ya sheria. Ilikuwa ndiyo hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo iliyoingia kwenye kiini cha shauri. Majaji wa Umoja wa Afrika, baada ya miaka ya kujipanga, walianza kazi kwa kumhukumu mwenyeji wao.

Serikali ilisema jambo hilo litamalizwa na Katiba mpya. Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 kweli ilimtaja mgombea huru, lakini kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa na haijafanyika. Mtikila alifariki katika ajali ya gari Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu ambao bado ulimtaka awe na chama.

Mbele ya majaji wa Arusha, upande wa Serikali ulitegemea hukumu ya mwaka 2008 ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika katika shauri la Castañeda Gutman dhidi ya Mexico, ambamo katazo la mgombea binafsi halikuonekana kuvunja mkataba. Mwaka 2012 Mexico, iliyoshinda hoja hiyo, ilibadili katiba yake na kumruhusu mgombea binafsi. Tanzania, iliyoshindwa, haijabadili.

Madhara ya pengo hilo yalionekana Kanda ya Ziwa katika uchaguzi wa 2025. Luhaga Mpina, mbunge wa miaka mingi wa Kisesa mkoani Simiyu, aliondoka CCM akahamia ACT Wazalendo na kupewa tiketi ya urais. Uteuzi wake ukapingwa kwa hoja kwamba chama hakikufuata kanuni zake chenyewe. Mahakama Kuu iliamuru Tume ipokee fomu zake, Tume ikazipokea, kisha baada ya mapingamizi mapya Septemba 2025 ikamwondoa tena. Jina lake halikuwepo kwenye karatasi. Mabishano yote hayo yalihusu uanachama na taratibu za ndani za chama, yaani kitu kilekile ambacho hukumu ya 2013 ilisema hakipaswi kuwa sharti la mtu kugombea.

Urais na wakurugenzi

Ukuta wa Ibara ya 41(7) uliguswa na wakili Jebra Kambole, aliyefungua shauri mwaka 2018. Tarehe 15 Julai 2020, miezi mitatu tu kabla ya uchaguzi mkuu, Mahakama ya Afrika ilisema kwamba kumnyima raia nafasi ya kusikilizwa na mahakama juu ya matokeo ya urais ni kuvunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na ikaamuru Katiba ibadilishwe. Uchaguzi wa Oktoba 2020 ulipita na ibara hiyo, na wa 2025 pia. Huenda hapa ndipo hukumu ya Arusha ilipogonga mwamba mgumu kuliko popote, kwa sababu anayetakiwa kuanzisha mabadiliko ndiye anayekingwa na ibara yenyewe.

Shauri la tatu lina asili yake Tarime. Bob Chacha Wangwe ni mtoto wa Chacha Wangwe, mbunge wa Tarime aliyefariki mwaka 2008. Alichohoji ni vifungu vya Sheria ya Taifa ya Uchaguzi vilivyowafanya wakurugenzi wote wa majiji, manispaa, miji na wilaya kuwa wasimamizi wa uchaguzi kwa nyadhifa zao. Kwa Mwanza maana yake ilikuwa hivi: Mkurugenzi wa Jiji, mteule wa Rais, ndiye aliyepokea fomu za wagombea wa Nyamagana, akaamua mapingamizi, akajumlisha kura na kumtangaza mbunge. Upande wa Ilemela, Mkurugenzi wa Manispaa alifanya vivyo hivyo, na wa Ukerewe vivyo hivyo kisiwani. Wangwe alidai kwamba mtu anayeweza kuondolewa kazini na mgombea mmojawapo, tena wengine wao wakiwa na historia ya uanachama wa chama cha mgombea huyo, hawezi kuonekana kuwa mwamuzi wa haki.

Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikubaliana naye. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu. Mwaka 2020 Wangwe na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wakaenda Mahakama ya Afrika, na tarehe 13 Juni 2023 wakashinda: vifungu hivyo vinavunja haki ya raia kushiriki katika uongozi wa nchi yake.

Safari hii Bunge lilifanya kitu. Mwaka 2024 zilipitishwa sheria mbili, moja ya uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani, nyingine ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Sheria mpya haimtaji tena mkurugenzi kuwa msimamizi kwa cheo chake. Inaipa Tume mamlaka ya kumteua msimamizi kutoka miongoni mwa watumishi waandamizi wa umma. Mkurugenzi naye ni mtumishi mwandamizi wa umma. Hukumu imetekelezwa kwa herufi zaidi kuliko kwa roho. Hata hivyo, ukilinganisha na Mtikila na Kambole, hili ndilo shauri ambalo Arusha ilipata jibu lililoandikwa kwenye kitabu cha sheria, na sababu yake haifichiki: halikugusa Katiba na halikumgusa Rais moja kwa moja.

Mlango uliofungwa

Mkazi wa Mwanza anayetaka leo kufuata nyayo za Wangwe hawezi. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko la Ibara ya 34(6), na kujitoa huko kukaanza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020. Mashauri yaliyokwisha kufunguliwa yaliendelea, ndiyo maana la Wangwe liliamuliwa mwaka 2023. Mapya kutoka kwa raia na asasi hayapokelewi. Iliyobaki ni njia ya kuzunguka: kupeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, ambayo ikiona inafaa inaweza kuyafikisha mahakamani.

Si uchaguzi peke yake uliozalisha mashauri dhidi ya Tanzania. Sehemu kubwa yalitoka kwa wafungwa, wakiwemo wa Gereza Kuu la Butimba hapo Mwanza, waliolalamikia kunyimwa wakili au kucheleweshewa haki. Kwa hiyo kujitoa kulifunga njia kwa watu ambao siasa haikuwahusu kabisa. Tanzania haikuwa peke yake: Rwanda ilitangulia mwaka 2016, na Aprili 2020 Benin ilitangaza kujitoa siku chache baada ya mahakama hiyo kuiamuru isimamishe uchaguzi wa serikali za mitaa. Côte d'Ivoire ilifuata mwezi huohuo. Mahakama inapogusa uchaguzi, nchi hukumbuka ghafla kwamba kukubali mamlaka yake kulikuwa hiari.

Mlango ulio wazi

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki haina tamko la kujitoa. Nchi ikiwa mwanachama wa Jumuiya, imo. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kufungua shauri dhidi ya sheria, uamuzi au tendo la nchi linalokiuka Mkataba, na halazimiki kwanza kumaliza ngazi za mahakama za nyumbani kama inavyotakiwa kwenye Mahakama ya Afrika. Mkataba huo haukuipa mahakama mamlaka kamili ya haki za binadamu, hivyo majaji hupitia misingi ya Ibara za 6 na 7: utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria.

Sharti lake zito ni muda. Shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu tendo lifanyike au mlalamikaji alipolifahamu. Aliyekuwa na la kusema juu ya tendo la siku ya uchaguzi mkuu wa 29 Oktoba 2025 alipaswa kuwa amelifikisha masjala kabla mwaka haujageuka, wakati ambapo mawakala wengi ndiyo kwanza hutafuta nakala za fomu.

Muda huo mfupi wenyewe ulizaliwa na ugomvi wa uchaguzi, na ugomvi ulianzia upande wa pili wa ziwa. Mwaka 2006 Profesa Peter Anyang' Nyong'o, wakati huo mbunge wa Kisumu Vijijini na baadaye gavana wa Kisumu, pamoja na wenzake walilalamika kwamba wawakilishi wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki hawakuchaguliwa na Bunge kama Ibara ya 50 inavyotaka, bali majina yalipelekwa tu. Novemba 2006 mahakama ilizuia majina hayo yasitambuliwe, na Bunge la Jumuiya likakwama hadi katikati ya 2007. Machi 2007 hukumu ilitoka: huo haukuwa uchaguzi. Kabla ya hukumu hiyo wakuu wa nchi walikwisha kuubadili Mkataba. Waliigawa mahakama kuwa na kitengo cha rufani, wakaongeza sababu za kumwondoa au kumsimamisha jaji, wakaweka ukomo wa miezi miwili. Mwaka 2008 mahakama, katika shauri la chama cha wanasheria wa Afrika Mashariki, ilisema marekebisho hayo yalipitishwa bila kuwashirikisha wananchi kama Mkataba unavyotaka, lakini haikuyafuta. Jaji mwenye kiti kinachotikiswa huchagua maneno.

Tangu hapo mahakama hiyo imepiga hatua za tahadhari. Novemba 2020 ilisema Kenya ilimnyima haki Martha Karua, aliyepinga matokeo ya ugavana wa Kirinyaga ya 2017, kwa sababu shauri lake liliisha muda likiwa bado linazungushwa mahakamani, na ikaamuru alipwe dola 25,000. Kiti hakikuguswa. Shauri la asasi za kiraia juu ya muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza wa Burundi, lililofunguliwa 2015, lilitupwa, likarudishwa, likatupwa tena, hadi tarehe 25 Novemba 2021 kitengo cha rufani kikasema uamuzi wa mahakama ya katiba ya Burundi ulikiuka Mkataba. Nkurunziza alikuwa amekwisha kufariki tangu Juni 2020, akiwa bado madarakani.

Kwa Tanzania hukumu muhimu ni ya tarehe 25 Machi 2022, juu ya marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Vyama vya Siasa. Waliofungua ni Freeman Mbowe, Maalim Seif Sharif Hamad na wenzao, pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Mahakama iliona kwamba vifungu kadhaa, vikiwemo vinavyompa Msajili wa Vyama nguvu ya kuingilia mambo ya ndani ya chama, vinakwenda kinyume cha Mkataba. Maalim Seif hakuisikia. Alifariki Februari 2021.

Utekelezaji unategemea Ibara ya 38, inayoitaka nchi ichukue hatua bila kuchelewa. Asiyetekeleza anaweza kufikishwa kwenye Mkutano wa Wakuu wa Nchi, yaani kwa watu ambao chaguzi zao ndizo zinazobishaniwa. Hakuna mkuu aliyewahi kumwadhibu mwenzake kwa hukumu ya uchaguzi. Kusini mwa bara hali ni mbaya zaidi: Mahakama ya SADC iliyokuwa Windhoek, baada ya kuihukumu Zimbabwe mwaka 2008 katika shauri la ardhi, ilisimamishwa mwaka 2010 na kunyang'anywa mashauri ya watu binafsi. Tanzania ni mwanachama huko pia.

Kwa hiyo aliye Mwanza na malalamiko ya uchaguzi ana njia zifuatazo. Udiwani na ubunge vina mahakama za nyumbani, kwa siku 30 tangu matokeo kutangazwa. Sheria au tendo la Serikali linalokiuka Mkataba wa Jumuiya lina Mahakama ya Afrika Mashariki, kwa miezi miwili. Matokeo ya urais yenyewe yana Ibara ya 41(7), ambayo Mahakama ya Afrika iliamuru ibadilishwe mwaka 2020 na ambayo bado imo katika Katiba.